Taaitta Toweett na Tuhuma ya Ukabila

Yako maoni yaliyoenea katika nchi yetu, na hapa Eldoret yamekita mizizi kuliko mahali pengi, ya kwamba mtu aliyejaliwa elimu na kalamu akaamua kuitumikia lugha ya kabila lake, akaichunguza sarufi yake, akaikusanyia kamusi na kuyaandika masimulizi ya wazee wake, amejipunguza mwenyewe na amelipunguza taifa. Kwamba angalikuwa na uzalendo wa kweli angaliandika kwa Kiingereza ili ulimwengu umsikie, au kwa Kiswahili ili Wakenya wote wamwelewe. Na kwamba mapenzi ya namna hiyo, hata yakiwa safi katika moyo wa mwenyewe, huishia mikononi mwa wanasiasa, na kutoka mikononi mwao huwa silaha. Maoni haya husemwa na watu wema wenye akili zao: walimu, makasisi, watumishi wa serikali waliostaafu, wazazi waliozika wana wao. Husemwa kwa huzuni zaidi kuliko kwa hasira, na mwenye kuyasema hana haja ya kwenda mbali kutafuta ithibati, kwa kuwa huko Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, siku ya tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa wakiwa ndani, na dhambi yao ilikuwa ni kabila walilozaliwa. Mbele ya majivu yale, nani atathubutu kusimama na kuisifu lugha ya mama?

Mimi nathubutu, na hoja yangu nitaijenga juu ya maisha ya mtu mmoja, marehemu Daktari Taaitta Toweett, kwa kuwa tuhuma hii ilimwandama akiwa hai na haikumwacha alipozikwa. Maoni ninayoyapinga yanasema kwamba kilichotuteketeza ni wingi wa lugha ya mama katika maisha yetu. Mimi nasema ni uchache wake: kwamba Kikalenjin, kama lugha nyingi za nchi hii, kiliingia katika siku zile mbaya kikiwa na vipaza sauti vingi na vitabu vichache mno, na kwamba lugha iliyonyimwa waandishi hainyamazi kwa kunyimwa, bali huachiwa wasemaji wa majukwaani, ambao hakuna wa kuwauliza kesho juu ya walilolisema jana. Mwandishi aliyejitoa kwa lugha hiyo, basi, ndiye aliyekuwa akiifanya kazi ya amani wakati sisi tulipokuwa tukimwona kuwa amejifungia katika jambo dogo.

Toweett alizaliwa mwaka 1925 upande wa Kericho, miongoni mwa Wakipsigis. Alisoma Alliance High School pale Kikuyu, kisha Makerere. Mwaka 1958 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa mmoja wa Waafrika wachache waliochaguliwa na Waafrika wenzao. Mwaka 1960 akaongoza Kalenjin Political Alliance, chama kilichoungana na vingine kuunda KADU. Akahudhuria mikutano ya katiba Lancaster House, London. Akashika uwaziri kabla ya uhuru na baada yake. Mtu aliyepanda ngazi hiyo, ambayo kila kipandio chake kilikuwa cha Kiingereza, alikuwa na kila sababu ya kuiacha lugha ya nyumbani kwa bibi zake na wachungaji wa ng'ombe, na aghalabu ya wenzake wa daraja ile ndivyo walivyofanya, wala hakuna aliyewalaumu. Yeye aliirudia. Aliirudia kama mwanafunzi, akaketi kusoma isimu mpaka akapata udaktari, katika umri ambao waheshimiwa wengine hutafuta mashamba zaidi. Na mwaka 1979 Kenya Literature Bureau ikatoa vitabu vyake vitatu: uchunguzi wa isimu ya Kikalenjin, historia simulizi ya Wakipsigis, na kamusi ndogo ya nomino iliyopangwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin.

Yafaa tukumbuke alikuwa wapi miaka mitatu kabla ya vitabu hivyo kutoka. Mwaka 1976 Nairobi ilipokea mkutano mkuu wa 19 wa UNESCO, na Toweett, Waziri wa Elimu wa Kenya, akachaguliwa kuwa rais wa mkutano ule. Wawakilishi wa mataifa ya dunia waliketi mbele yake tangu Oktoba hadi Novemba, na miongoni mwa mambo waliyoyapitisha, tarehe 22 Novemba, ni pendekezo juu ya kuwalinda wafasiri na tafsiri kwa sheria, na juu ya kuiinua hali ya mfasiri mahali popote alipo. Sidai kwamba pendekezo lile lilitoka katika kichwa chake; mikutano ya namna ile huandaliwa na wengi. Lakini yeye ndiye aliyekalia kiti, na yeye huyo huyo, katika miaka ile ile, ndiye aliyekuwa akipanga maneno ya Kikalenjin kando ya maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Wanaosema kwamba mapenzi ya lugha ndogo humfungia mtu katika kijiji wana kazi ya kutueleza ni kijiji gani hicho chenye mlango wa upana huo.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Litasemwa: huyu huyu Toweett ndiye aliyekuwa katika KADU, chama cha majimbo, kilichotaka nchi igawanywe ili kila kabila kubwa au dogo litawale kwake, na neno majimbo ndilo lililorudi katika miaka ya 1990 likiwa na maana ya kuwafukuza majirani katika mashamba yao. Siasa zake sizitetei. Hofu ya makabila madogo mwaka 1960 ilikuwa hofu ya haki, na tena ilitumiwa vibaya, na masetla walioiunga mkono hawakuwa wakiililia Nandi wala Mijikenda bali ardhi zao wenyewe. Yote mawili ni kweli, na wanahistoria watayapima. Ninachokataa ni kuhukumu kitabu cha isimu kwa hukumu iliyotolewa juu ya chama. Wako wanasiasa waliohubiri majimbo na hawakuandika hata aya moja kwa Kikalenjin maishani mwao, wala hawakuweza. Wako waliochochea fujo za 1992 kwa hotuba za Kiswahili fasaha na kuzikanusha siku ya pili yake kwa Kiingereza fasaha zaidi. Kama ukabila ungalikuwa ni tunda la kuipenda lugha kwa kuisoma na kuiandika, tungaliwakuta wakabila wakubwa katika maktaba. Na insafu inatulazimisha kukiri kwamba tunawakuta mahali pengine kabisa.

Kuna na jambo ambalo watu wa Eldoret hasa hawapaswi kulisahau, kwa sababu lilitendeka hapa. Jina Kalenjin lenyewe, kwa maana tuliyoizoea leo, halina umri mrefu. Lilienea katika miaka ya 1940, kwa sauti ya redio na kwa vijana waliosoma Alliance. Mwaka 1948 chama cha Kalenjin Union kikaundwa hapa Eldoret. Na katika miaka ya 1950 likawako gazeti la kila mwezi lenye jina hilo hilo. Wapinzani wangu hulitumia jambo hili kama ushahidi wa kwamba kabila ni kitu kilichobuniwa na wasomi kwa ajili ya kura. Kwangu ni ushahidi wa kinyume chake. Mnandi, Mkipsigis, Mkeiyo, Mtugen, Mmarakwet, Mpokot na Msabaot walikuwa wamezoea kutazamana kama watu mbalimbali, na baadhi yao walikuwa na visasi vya ng'ombe visivyosahaulika; kilichowakutanisha, fauka ya mahesabu ya siasa ambayo sikatai kwamba yalikuwapo, ni kuisikia lugha yao hewani na kuiona katika chapa, wakatambua kwamba wanaelewana. Maandishi, basi, yaliwatoa watu hawa katika duara dogo na kuwatia katika duara kubwa zaidi. Kwa nini tuamini kwamba njia iliyomtoa Mkeiyo kwenda kwa Mkipsigis haiwezi kamwe kumtoa kwenda kwa Mluhya na Mkikuyu? Njia ile haikufika mwisho wake kwa sababu tuliacha kuijenga.

Maana tazama kilichofuata. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha Oxford kitabu juu ya lugha na ngano za Wanandi mwaka 1909, miaka 4 tu baada ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kuuawa kwa hila. Na kutoka kitabu cha Hollis hadi vitabu vya Toweett ni miaka 70, muda ambao mengi ya yaliyoandikwa juu ya lugha hii yaliandikwa na wageni. Baada ya hapo, badala ya kizazi cha waandishi, tulipata kizazi cha watangazaji. Mwanzoni mwa karne hii redio za lugha za mama zilizagaa nchini kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na lugha zilizokuwa hazina gazeti la kudumu, hazina jarida la fasihi, hazina mapitio ya vitabu wala vitabu vya kupitiwa, zikapewa kwa ghafla sauti ya kuingia katika kila jiko na kila matatu. Mtangazaji aliketi mbele ya kipaza sauti bila ya kuwa na nyuma yake mapokeo yoyote ya maandishi ya kumfunza wapi maneno hupimwa. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza fujo za siku zile za Kiambaa, iliyotoa ripoti yake mwezi wa Oktoba 2008 na kuwahesabu waliokufa nchini kuwa 1,133, ilizitaja redio hizo miongoni mwa vyombo vilivyoipalilia chuki. Sibishani na tume. Kesi ya mtangazaji mmoja wa Kikalenjin ilifika hadi The Hague, ikafutwa mwezi wa Aprili 2016 bila ya hukumu ya hatia na bila ya kumtakasa, na sina la kuongeza juu yake.

Lakini tume ile ile ilizungumza pia juu ya vijikaratasi na ujumbe wa simu, na tuliokuwa hapa twajua kwamba vingi katika hivyo havikuandikwa kwa Kikalenjin wala kwa Kikuyu. Neno lililotumiwa kuwaita majirani zetu uchafu wa kuondolewa, neno madoadoa, ni la Kiswahili, lugha ya taifa, lugha ya umoja, na lilitumika kwa sababu Kiswahili ndicho kilichoeleweka na kila aliyekusudiwa kuchochewa. Je, kwa ajili ya neno hilo tuwaambie washairi wa Mvita na Pemba waweke kalamu chini? Hakuna mtu aliyelisema hilo, na asingesikilizwa angelisema, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba Kiswahili kina karne za tenzi, na waalimu, na wasanifu, na fahari ambayo neno ovu moja haliwezi kuichafua. Kikalenjin hakikupewa ulinzi huo. Kilipotendewa uovu na wasemaji wachache, hakikuwa na maktaba ya kusimama na kukitetea, na hukumu ikakishukia chenyewe. Mama wa Kinandi hukisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa ya kugandisha; asipokisugua, maziwa huharibika, wala hakuna mtu mwenye akili zake atakayemshutumu ng'ombe.

Wala usawa wa lugha haukupata kuwa kinga. Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ambayo muuaji na aliyeuawa walisema Kinyarwanda kile kile, wakabembelezwa utotoni kwa nyimbo zile zile. Somalia ina lugha moja kuliko nchi nyingi za bara hili. Wenye kuamini kwamba tukizisahau lugha zetu ndogo tutapendana, wanajenga juu ya mchanga ambao majirani zetu wameshazikwa ndani yake.

Twende sasa mbali kidogo, kwa kuwa jambo hili halikuanzia kwetu, na walioonja machungu yake zaidi wana la kutufunza. Katika bonde la mto Indus, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, kuna lugha ya Kisindhi, yenye wasemaji wapatao milioni 30 na fasihi ambayo kilele chake ni Shah Abdul Latif Bhittai, shekhe na mshairi aliyefariki mwaka 1752. Waingereza waliitungia alfabeti rasmi ya herufi 52 kwa hati ya Kiarabu mwaka 1853. Mwaka ule ule alizaliwa Mirza Qalich Beg, ambaye baba yake hakuwa Msindhi hata kidogo, bali mtu wa Georgia aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto. Na mwana huyu wa mtumwa mgeni, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika na kufasiri kwa Kisindhi mamia ya vitabu, riwaya na tamthilia na sayansi na tafsiri za Shakespeare, mpaka alipokufa mwaka 1929. Hapo tayari dhana ya kwamba kuipenda lugha ni kuabudu damu imepata jeraha lisilopona.

Walakini kisa ninachokitaka ni cha mtu wa baada yake, Shaikh Ayaz, aliyezaliwa mwaka 1923. Alikuwa kijana wakati India ilipogawanywa mwaka 1947, na Wahindu wa Sindh, ambao walikuwa nusu ya uhai wa fasihi ile, wakavuka mpaka kwa hofu. Mwaka 1955 Pakistan ikaifuta Sindh kama jimbo, kwa jina la umoja wa taifa, na ikawa kuandika Kisindhi kwa ghera ni kujitia katika shaka ya uasi. Ayaz aliandika. Mwaka 1965, Pakistan na India zilipopigana vita na kila mshairi mwaminifu alitarajiwa kutunga ya kuchochea mizinga, yeye alitunga shairi ambalo ndani yake anamwona ng'ambo ya uwanja wa vita Narayan Shyam, mshairi Mhindu aliyehamia India, mwenzake katika Kisindhi, na kuuliza atawezaje kumwelekezea bunduki. Alishutumiwa kwa usaliti, vitabu vyake vikapigwa marufuku, akafungwa.

Naomba msomaji atulie hapa. Dini iliwatenga watu wale wawili, taifa likawatenga, jeshi likawatenga. Kilichobaki kuwaunganisha ni lugha ndogo, na iliwaunganisha kwa sababu ilikuwa na mashairi ndani yake. Redio za pande zote mbili zilikuwa na lugha pia. Lakini fasihi pekee ndiyo iliyompa Ayaz mtu wa kumtaja kwa jina mahali ambapo taifa lilimwambia yupo adui tu. Na mtu huyo aliyeitwa adui wa umoja ndiye aliyekaa akaifasiri diwani ya Shah Latif kutoka Kisindhi kwenda Kiurdu, lugha ya taifa, ili hazina ya wachache iwe mali ya wote. Miaka michache baada ya kifungo chake, akafanywa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Sindh.

Ni kweli kwamba mwezi wa Julai 1972 damu ilimwagika Karachi juu ya sheria ya kukirejesha Kisindhi katika ofisi na shule, na wapinzani wangu wana haki ya kunikumbusha. Nami nawakumbusha kwamba fujo zile zilikuja baada ya miaka ya kukisukuma Kisindhi nje ya mlango, hata kurejeshwa kwake kukaonekana kama unyang'anyi. Lugha ambayo haikufukuzwa haihitaji kurudi kwa sheria. Sisi Kenya tuna bahati ya kutofika huko, na bahati hiyo tusiichezee.

Nakuja katika shutuma ya pili, ambayo hutoka kwa wapenzi wa Kiswahili, ndugu zangu, nami ni mmoja wao. Wao husema kwamba kila saa anayoipoteza msomi katika lugha ya kabila ni saa iliyoibiwa Kiswahili. Kama hivyo ndivyo, na waeleze habari ya Aniceti Kitereza. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Nyanza, akasomeshwa na mapadri wa Kikatoliki mpaka akazijua lugha za Ulaya na Kilatini, kisha akakaa kwao akaandika kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa kimoja, riwaya kubwa ya mume na mke wanaopendana na kukosa mtoto. Aliimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyetaka kuichapa. Padri Almas Simard, aliyekuwa akimtia moyo, aliifasiri kwa Kifaransa akafa bila ya kuiona ikitoka. Muswada ukalala miaka baada ya miaka, mpaka Kitereza mwenyewe, keshakuwa mzee mgonjwa, alipoutia katika Kiswahili; na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikatoa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Yeye akafariki mwaka 1981.

Riwaya ile leo ni mojawapo ya riwaya kubwa za Kiswahili, na wanafunzi wa vyuo vyetu hutahiniwa juu yake. Haikutungwa kwa Kiswahili. Isingalitungwa kwa Kiswahili kamwe, kwa sababu mambo yaliyomo, dawa na mitishamba, tambiko, namna ya kumwamkia mkwe, adabu ya pombe na ya uvuvi, yalimjia Kitereza kwa Kikerewe na kwa Kikerewe yakapangika, na Kiswahili kikayapokea baadaye kama mgeni aliyeletewa zawadi ambayo hakujua kuiomba. Angaliwatii mwaka ule wa 1945 wenye kusema kwamba lugha ndogo ni kupoteza wakati, Kiswahili kingalikuwa maskini zaidi leo. Mathias Mnyampala wa Dodoma alikuwa Mgogo, na kabla ya kuwa bingwa wa ngonjera aliandika historia, mila na desturi za Wagogo. Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa alikuwa na baba wa asili ya Punjab. Na watu wawili hawa, Mgogo na mwana wa Mpunjabi, ndio waandishi wa Historia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1977, wote wawili wakiwa wameshafariki. Kiswahili hakikuwaomba waikane asili yao kabla ya kuwakabidhi historia yake.

Na Toweett mwenyewe aliutoa ushahidi wake katika ile kamusi ya 1979. Kama alikusudia kumfungia Mkalenjin ndani ya ukalenjin wake, Kiswahili kilitafuta nini katikati ya ukurasa? Angaliweza kuandika kwa Kiingereza na Kikalenjin tu, kama wamisionari wengi walivyofanya kabla yake, na kukiruka Kiswahili kama lugha ya watumishi na askari, ambavyo ndivyo wasomi wengi wa rika lake walivyokiona. Hakukiruka. Hapa Eldoret Moi University Press ilitoa mwaka 2008, mwaka ule ule wa msiba, kitabu cha wataalamu juu ya nadharia katika taaluma ya Kiswahili na lugha za Kiafrika, na jina la kitabu linaziweka pande hizo mbili pamoja kama watu wa nyumba moja. Wataalamu wameshaelewa, waliobaki ni wahubiri wa vikao vya chai.

Ama hoja ya kwamba hakuna wasomaji, hiyo naipitia haraka, kwa kuwa kila Jumapili mji mzima unaikanusha. Ingia katika kanisa lolote la Kikalenjin katika jiji hili, Kapsoya au Langas au kando ya barabara ya Iten, na utaona wazee na wasichana wakiifungua Biblia ya Kikalenjin, iliyo mikononi mwa watu tangu mwaka 1969, wakiifuata kwa kidole bila ya kukosea. Watu wanaosoma Isaya na Warumi kwa lugha yao hawashindwi kusoma hadithi. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakalenjin zaidi ya milioni 6, nao ni wengi kuliko wananchi wa mataifa kadhaa yenye riwaya, tamthilia na magazeti ya kila siku kwa lugha zao. Kilichokosekana ni vitabu vya kununua, na wachapishaji hawavichapi kwa sababu shule hazivihitaji, na shule hazivihitaji kwa sababu mitihani haiviulizi.

Nayo shule ndiyo iliyomfunza mtoto kuiona lugha ya mama kuwa hatia kabla mwanasiasa hajaja kuitumia. Wengi wa rika langu walivishwa kibao shingoni kwa kusema neno la nyumbani uwanjani, wakafunzwa kumvizia mwenzao ili kibao kihamie kwake. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976, Toweett akiwa katika Elimu, kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali alipo katika madarasa ya kwanza, na vikatungwa vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu. Na hata hivyo vibao vilibaki shingoni. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inaifaradhia serikali kukuza na kulinda lugha za wenyeji. Ni sheria njema. Lakini serikali haiandiki riwaya, na ibara haitungi kamusi. Hufanya hivyo mtu mmoja mmoja, usiku, kwa mafuta yake mwenyewe, na mtu huyo tukimpokea kwa tuhuma ya ukabila ataiacha kazi, na pale alipokuwa ameketi ataketi mwenye kipaza sauti.

Toweett alifariki kwa ajali ya barabarani mwezi wa Oktoba 2007, chini ya miezi mitatu kabla ya moto wa Kiambaa. Hakuwaona walioutia, wala wao, nina yakini, hawakuwa wasomaji wake. Basi wale ambao bado wanataka kumweka katika safu moja nao, nawaomba jambo jepesi, ambalo kila mshitaki hutakiwa kulifanya: wavichukue vile vitabu vitatu vya 1979, wazipitie sura moja baada ya moja, nomino na vitenzi, koo na mahamio ya Wakipsigis, maneno ya lugha tatu yaliyopangwa kando kwa kando, na watuonyeshe ni ukurasa gani ndani yake unaomfundisha Mkalenjin kumchukia jirani yake.